Udongo Aliouleta Chiriku

Mke wangu ni mtu wa vijidudu. Nasema hivyo bila kuona haya, maana ndiyo kazi yake, kaisomea, na chuo kimempa chumba cha kuifanyia. Tulipohamia mtaa huu majirani walisikia kwamba ni daktari, basi wakawa wanakuja na watoto wenye homa na wazee wenye viuno. Yeye anawaeleza pale mlangoni, kwa upole wa mtu aliyeyachoka maneno yake mwenyewe, kwamba udaktari wake ni wa vitu vinavyoishi udongoni. Wanamsikiliza, wanaitikia, halafu wanauliza kama hata dawa ya kikohozi hana. Mimi nilikuwa nawakaribisha ndani, angalau wapate chai.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Kinyozi akifungua kibanda ananiita, duka likipata mwenyewe mpya ananiita, shule ikitaka jina lake lisomeke kutoka barabarani inaniita. Nimeandika majina kwenye mbao, kwenye mabati na kwenye kuta, na kwa hiyo nina maneno yangu kuhusu majina. Ukikosea herufi moja mtu anakujia juu kama umemtukania mama yake. Jina hilohilo likipauka kwa jua hana habari nalo, anapita chini yake kila asubuhi bila kuinua uso.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakunyamaza, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Jina la kwenye cheti lilikuwa la shuleni. Nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, mimi nikawa Baba Chiriku, na mama yake, pamoja na digrii zake zote, akawa Mama Chiriku. Hata wanafunzi wake chuoni walimwita hivyo, wakidhani hasikii.

Siku moja darasa la Chiriku lilipelekwa kupanda mlima. Wenzake walirudi na maua na vijiwe vya kung'aa. Yeye alirudi na kikopo chake cha chakula kimejaa udongo mweusi mpaka juu, ameuchota kwa mkono chini ya jiwe, mahali ambapo mwalimu alisema jua halifiki. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama za fundi magari. Akakiweka kikopo mezani mbele ya mama yake.

"Mama, nimekuletea kazi."

Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake mama yake alikwenda na kikopo maabara, ili tu mtoto asivunjike moyo. Alikoroga udongo kidogo kwenye maji, akadondosha tone tone kwenye sahani ndogo za plastiki zenye jeli ya kuoteshea, akazifungia kwenye kabati la baridi. Udongo uliobaki aliuchemsha kwenye mtambo wa mvuke kama sheria ya maabara yao inavyotaka, maana udongo wa nje haulazwi mle ndani bila kuuawa kwanza. Jioni Chiriku aliuliza kama kazi imekuwa nzuri. Akajibiwa kwamba ni nzuri ila itachelewa, vijidudu vya mlimani havina haraka.

Muhula ule haukuisha. Chiriku aliamka kichwa kinamuuma, mchana shingo ikakakamaa, tukakimbia naye hospitali, na tukarudi bila yeye. Homa ya uti wa mgongo. Bakteria. Mke wangu alimjua bakteria huyo kwa jina lake zima la Kilatini, jina la kwanza na la pili, na alijua kila dawa inayomuua. Kujua kote huko hakukumsaidia kitu.

Baada ya msiba watu walibadilika midomo. Mke wangu akawa Madamu, mimi nikawa Fundi. Jina la Chiriku lilikuwa limo ndani ya majina yetu, wakaona walikwepe, wasitutoneshe kidonda. Walidhani wanatuhurumia. Mimi nilitamani kuwashika mashati. Unamwondoa mtoto mdomoni kwa adabu namna hiyo, na mwaka haujapita anakuwa kama hakuzaliwa.

Mke wangu alirudi kazini akiwa amekonda, haongei. Kwenye kabati la baridi alizikuta zile sahani, hakuna aliyezigusa. Nyingi zilikuwa na ukungu. Moja ilikuwa na vitone vyeupe vidogo sana, vyenye rangi kama ya maji ya mchele, na pembeni yake vitone vya manjano, vinene, vinavyong'aa. Wale wa manjano aliwafahamu mara moja. Ni bakteria wa kawaida anayekaa kwenye ngozi ya binadamu, anadondoka kila mahali, na mtu wa maabara akimwona kwenye sahani yake anajua kuna aliyeshika pasiposhikwa. Aliwaona ni uchafu. Wale weupe hakuwafahamu, akaendelea nao.

Kazi yenyewe niliielewa taratibu, kwa kumsikiliza wakati wa kula. Kwanza unamtenga. Unaunguza kitanzi cha waya kwenye moto wa gesi, kikipoa unagusa kitone kimoja, unakichora kwenye sahani mpya ili watawanyike, wakiota unachagua tena kimoja, unachora tena, mpaka sahani nzima iwe ya ukoo mmoja tu. Halafu unamchunguza: umbo lake kwenye darubini, sukari anazokula na anazokataa, chumvi anayoivumilia, baridi anayoipenda. Halafu jeni zake zinasomwa, zinalinganishwa na za bakteria wote wanaojulikana duniani. Majibu ya jeni yalipokuja alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, nusu ya neno "vinywaji" nimeshaliandika. Jamaa wa karibu wa kile kijidudu alikuwa mbali naye kuliko mpaka unaokubalika kwa wa aina moja. Yaani huyu ni mpya, hakuna mtu aliyewahi kumwona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusikia sauti yake ikipanda.

Jioni ile akaniambia anataka kumpa jina la Chiriku. Kumbe ni kawaida yao, anayegundua ndiye anayependekeza jina, na ruhusa ipo ya kumheshimu mtu. Unachukua jina lake, unalivalisha mkia wa Kilatini, basi.

Niliwaka. Nilimwambia bakteria ndiye aliyemuua mtoto wetu, na yeye anataka bakteria mwingine atembee na jina lake. Nikasema mengine ambayo hayana haja hapa. Aliniacha nikamaliza.

"Hapa mtaani wanaogopa kulitaja," akasema. "Likiingia kwenye vitabu, kuna mtu asiyetujua kabisa, upande mwingine wa dunia, atalitaja kila siku kazini kwake. Mimi nataka litajwe."

Nilikubali shingo upande, kisha siku zikipita nikaanza na mimi kulitaka, zaidi hata ya nilivyotaka kukiri. Nikiwa kazini nilikuwa naliandika kwa penseli kwenye vipande vya mbao, pamoja na mkia wake, nikiangalia herufi zitakavyokaa.

Lakini kupewa jina kuna masharti, na sharti kubwa ni moja. Lazima upeleke kijidudu chenyewe, kikiwa hai na kikiwa peke yake, kwenye ghala mbili za kuhifadhi bakteria, katika nchi mbili tofauti. Wao wanamwotesha kwao, wanahakikisha ni ukoo mmoja tu, wanakupa cheti. Bila vyeti viwili hakuna jina. Hata ungeandika kitabu kizima juu yake, kwa sheria yao hayupo.

Na mke wangu, kwa usafi, hana mpinzani. Chuoni wanamtania kwamba hata kivuli chake anakipiga spiriti kabla hakijaingia maabara. Alimtenga yule mweupe, akamtenga tena, akawaondoa wale wa manjano mpaka asibaki hata mmoja, na sahani zao akazipeleka kwenye mtambo wa mvuke zikachemshwe. Akawapakia wale weupe kwenye chupa ndogo za kioo, wakakaushwa kwa ubaridi, wakasafirishwa. Tulikaa roho juu. Jibu la ghala ya kwanza likaja: hakuna kilichoota. Ya pili ikasema hivyohivyo.

Akarudia. Safari hii aliwasafisha zaidi, akidhani kuna uchafu unaowaua njiani. Wakafa tena. Kibaya zaidi, hata pale maabara walianza kudhoofika. Kila alipowahamisha kwenye sahani mpya waliota wachache kuliko mwanzo, vitone vidogo kuliko mwanzo. Akawapunguzia chakula, akawaongezea, akabadilisha chumvi, akabadilisha baridi. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani namtazama usoni kwanza kabla ya kumsalimia. Alikuwa na ule uso wa hospitali.

Akaamua kuurudia mlima. Mwalimu wa Chiriku alimwelekeza, na mlinzi wa msitu akampeleka mpaka kwenye jiwe lenyewe. Alichota udongo kwa kijiko kilichochemshwa, akautia kwenye mifuko iliyochemshwa, akarudi nao kwenye sanduku la barafu. Akaotesha sahani mpaka kabati likajaa. Wakaota bakteria wa kila aina. Yule mweupe hakuota. Alishuka tena, akapanda tena, akachimba kushoto na kulia kwa lile jiwe, mpaka mlinzi wa msitu akamwuliza kwa upole kama kuna kitu amekipoteza.

Mkuu wa idara, ambaye si mtu mbaya, alimwita akamwambia mwaka ukiisha kile chumba kinapewa mradi mwingine. Akamshauri aandike ripoti fupi, aachane na kijidudu hicho. Mke wangu alipokuwa akinisimulia haya alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Nikamwambia wampe muda, nitakwenda mwenyewe kumwona huyo mkuu. Akaniuliza nitakwenda kumwambia nini. Kweli, ningemwambia nini? Kwamba kuna vitone kwenye jeli na sisi vimetushika koo?

Ilibaki sahani moja yenye uhai. Moja. Juu yake kulikuwa na tabaka jembamba la vitone ambalo ungeweza kulifuta kwa kidole.

Jumamosi moja nilikuwa uani nasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Akatoka jikoni akasimama karibu yangu, mikono yake inatoa maji, alikuwa anaosha vyombo. Aliiangalia mikono yangu muda mrefu. Ilikuwa na rangi kama kawaida, nyekundu na bluu mpaka kwenye viwiko.

"Mimi nilivaa glavu," akasema.

Nikamwuliza glavu gani.

"Kule mlimani. Mara zote. Mimi nilivaa glavu, yeye alichota kwa mkono."

Akakaa chini pale pale kwenye sakafu iliyolowa. Alinieleza kwa vipande, na mimi nilichelewa kuelewa, halafu nikaelewa vyote kwa pamoja. Wale wa manjano hawakuwa uchafu ulioingia kwa bahati mbaya maabara. Waliingia kwenye udongo kutoka kwenye kiganja cha Chiriku alipokuwa anachota. Yule mweupe alikuwa amelala huko chini ya jiwe, pengine miaka na miaka, na kilichomwamsha ni wale wa manjano waliokuwa jirani yake kwenye kile kikopo. Alikuwa anaishi kwa kuegemea kwao. Na yeye, mama mtu, kwa mikono yake safi, aliwaokota mmoja mmoja akawatupa, na kila alipowatupa akashangaa mweupe kwa nini anadhoofika.

"Vilikuwa vya mkono wake," akasema. "Vilikuwa hai. Nikavichemsha."

Sijawahi kumsikia mtu akilia vile, hata siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu. Nilimshika, rangi yangu ikamchafua gauni lote. Alikuwa anarudia neno lile moja, nimevichemsha, nimevichemsha, na mimi nikawa namwambia hakujua, hakujua, na wote wawili tulijua kwamba maneno hayo hayamsaidii mtu. Kitu cha mwisho cha mwili wa mtoto wetu kilichokuwa bado kinapumua duniani kilikuwa kwenye sahani ya plastiki, na kilikwenda na takataka za maabara.

Alipotulia akanawa uso, akaniambia nivae viatu. Tukaenda chuoni. Jumamosi hakuna mtu, mlinzi wa getini alitufungulia akiangalia gauni lile lenye viganja vyekundu bila kuuliza. Maabara yenyewe ni chumba chembamba kuliko nilivyokifikiria, meza mbili, sinki, kabati la baridi linalonguruma. Akatoa sahani mpya mbili. Kwenye ya kwanza alikandamiza kiganja chake, kwenye ya pili akanitaka nikandamize changu. Nikamwambia ngoja kwanza nioshe hii rangi. Akanishika mkono.

"Usioshe."

Sahani yake haikuotesha kitu cha maana. Ngozi yake ilikuwa imepigwa spiriti tangu ujana, hakuna kiumbe aliyeweza kukaa pale. Yangu iliota kama shamba, na katikati ya vurugu ile, wa manjano, wanene, wanaong'aa. Akawaokota. Akachora mstari wao kwenye jeli mpya, na kwa pembeni, akishikilia pumzi, akachora mstari wa wale weupe wa mwisho. Akafunga kabati. Kwa siku zile za kungoja nilikuwa sina kazi ninayoimaliza. Kinyozi mmoja nilimwandikia "kinyozi" bila herufi ya mwisho, akanijia juu, nikamwacha aseme.

Waliota. Aliniita nikaone mwenyewe. Palipokuwa karibu na mstari wa manjano walikuwa wamejaa, weupe, wa maji ya mchele, wananenepa kwa kadiri wanavyokaribia. Palipokuwa mbali na mstari hapakuwa na kitu. Mke wangu alicheka, mkono mdomoni. Mimi nikasema basi, jina limepatikana. Kicheko chake kikakatika.

Maana sharti lilikuwa palepale. Akiwa hai, na akiwa peke yake.

Alijaribu yote yanayojaribiwa. Alichuja maji waliyoishi wale wa manjano, akamnywesha mweupe maji hayo bila wao wenyewe. Akafa. Alimlaza kwao kwanza, akamzoesha, ndipo akamtenga. Akafa. Aliwatenganisha kwa utando mwembamba, waonane bila kugusana, kama alivyosema yeye. Alidumu kidogo, akafa. Kila jaribio alikuwa na sahani ya akiba ambamo wako pamoja, kwa hiyo ukoo haukukatika, lakini kila jaribio lilikuwa ni kukaa na kumwangalia akififia. Aliwaandikia wanaosimamia majina. Walimjibu kwa heshima kwamba aliyeshindwa kutengwa wanaweza kumpa jina la muda, lililofungwa kwenye alama za kunukuu, lenye neno mbele yake linalomaanisha mgombea. Jina hilo halina nguvu ya kisheria. Nilisema mtoto wangu hagombei kitu.

Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, na masanduku ya ule mradi mwingine yalishaanza kupangwa kwenye ujia. Nilimfuata maabara alasiri moja. Alikuwa amekaa mbele ya moto wa gesi, kitanzi mkononi, sahani imefunguliwa mbele yake, na wala hakuwa anafanya kitu. Nikamwambia ajaribu mara moja tena. Mimi niliyewaka mwanzoni, ndimi niliyesimama pale nikimbembeleza. Nilimwambia pengine safari hii atashika, wengine hushika mwishoni. Nilimwambia nimeshapata na ubao, mzuri, wa mninga, nimeshaupiga msasa. Nilimwambia nataka kuliandika lile jina mara moja, na liwe la kweli, linalotambulika, asiwepo wa kulikwepa.

Akazima gesi.

"Unakumbuka walivyomweka?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Hospitali walimtenga, kwa sababu ugonjwa ule unaambukiza. Chumba cha mwisho cha ujia, mlango wenye kioo, na sisi nje ya kioo. Alikuwa anaongea mle ndani. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na sisi hatukusikia hata neno moja. Ilikwenda hivyo mpaka ikaacha.

"Kila wiki namtenga huyu," mke wangu akasema, "nakaa nje ya kioo, namwangalia anakufa peke yake. Halafu naanza tena. Kwa sababu nataka jina. Simtengi tena, baba. Siwezi."

"Na jina?"

"Jina ni la mwanangu. Huyu aishi tu, hata bila jina."

Hasira niliyokuwa nayo tangu siku ile ya hospitali haikuwa na mahali pa kwenda, ilizunguka mle chumbani ikanirudia. Mke wangu aliwasha gesi upya, akaunguza kitanzi, akakingoja kipoe. Akachota kwa mara moja weupe na wa manjano, wote kwa pamoja, akawachora kwenye sahani mpya bila kuwachambua. Akaifunika. Kwenye kifuniko aliandika tarehe tu. Akasimama na sahani mikononi, mimi nikamshikia mlango wa kabati.